Choki ya gari la zamani na watoto wa siti ya nyuma

MAMA mmoja wa Lalago, wilayani Maswa, amenitumia swali ambalo kwa kawaida lingeishia gereji. Mume wake ana Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa duara yenye injini nyuma. Fundi amemshauri aondoe choki inayofanya kazi yenyewe, aweke ya kuvuta kwa mkono. Mama anauliza kama ni salama, maana asubuhi wakipelekwa shule watoto wake wawili hulalamika kwamba kichwa kinawauma na mmoja huhisi kichefuchefu.

Nilikuwa nimepanga mada nyingine wiki hii. Hicho kichefuchefu kimeisogeza mbele.

Tuanze na choki yenyewe. Anayeendesha bodaboda anaijua: kile kidude unachokisogeza asubuhi pikipiki ikigoma kuwaka. Kazi ya kabureta ni kuchanganya hewa na petroli, na injini ikishapata moto mchanganyiko mzuri ni kama gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Injini ikiwa baridi, petroli nyingi haigeuki mvuke. Inabaki imelowanisha kuta za njia yake, na kinachofika kwenye plagi hakitoshi kuwaka. Choki ni kibati kidogo kwenye mdomo wa kabureta. Kikijifunga, hewa inapungua, petroli inaongezeka, gari linawaka.

Kwa mtu wa afya, tatizo linaanzia hapohapo. Petroli iliyokosa hewa ya kutosha haiungui vizuri, na moja ya vitu inavyozalisha ni gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi mweusi na harufu ya petroli ni dalili kwamba huenda ipo, lakini yenyewe hutaiona wala kuinusa. Ikiingia kwenye damu, inashikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, ila imebeba mzigo usio na faida. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo huzidiwa mapema. Kwa mjamzito, gesi hiyo hukaa kwa mtoto aliye tumboni muda mrefu kuliko inavyokaa kwa mama. Na magari ya enzi hizo hayana kile kifaa cha kwenye bomba la moshi kinachopunguza sumu katika magari ya sasa.

Sasa ushauri wa fundi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, Volkswagen hizi zilikuja na choki inayojiendesha. Pembeni ya kabureta kuna kifuniko cha duara chenye springi ya metali mbili zilizobanwa pamoja, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti. Ukiwasha gari, umeme hupita humo, springi inapata joto, inajikunjua, na kibati kinafunguka polepole ndani ya dakika chache. Springi ikichoka, waya ukichomoka au kibati kikikwama kwa uchafu, choki hubaki imefungwa safari nzima. Utaona plagi nyeusi kama masizi, petroli inaisha haraka, injini inatetemeka ikishapata moto, hata oili inanuka petroli.

Kwa hiyo kabla ya kung'oa chochote, muombeni fundi aangalie kama choki iliyopo imekufa kweli. Injini ikiwa baridi na imezimwa, anatoa kichujio cha hewa, anakanyaga mafuta mara moja, na kibati kinatakiwa kujifunga. Gari liwashwe dakika kadhaa, lizimwe, aangalie tena: kiwe kimefunguka. (Asiinamishe uso juu ya kabureta wakati injini inawaka, moto unaweza kurudi juu.) Aangalie pia volti. Gari la volti 6 na la volti 12 hayatumii kifuniko cha aina moja. Ukifunga cha volti 12 kwenye gari la volti 6, springi inapata joto polepole mno na choki inachelewa kufunguka. Kosa la namna hiyo ni rahisi kutokea pale spea zinaponunuliwa kwa mtu aliyezitoa kwenye gari jingine.

Ikithibitika imekufa na kifuniko kipya hakipatikani, ya mkono inafaa, na wala si jambo la ajabu: Land Rover za zamani zilitoka kiwandani na choki ya kuvuta. Lakini kwa gari hili kebo itatoka kwenye dashibodi, ipite sakafuni hadi nyuma, na mara nyingi itabidi kutoboa tundu kwenye bati linalotenganisha injini na siti ya nyuma. Tundu hilo liko jirani na watoto. Lisipozibwa kwa raba inayobana kebo sawasawa, mmewafungulia mlango wa moshi. Ule waya wa umeme uliokuwa unaenda kwenye choki nao ufungwe vizuri, usibaki unaning'inia karibu na petroli.

Halafu kuna mkono wenyewe. Choki ya mkono hairudi mpaka airudishe dereva. Lalago ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na kabureta tayari ina tabia ya kuzidisha petroli, na baridi yetu ya Juni na Julai si ile ya Ujerumani. Vuta ili liwake, punguza likianza kunguruma vizuri, rudisha yote baada ya dakika moja au mbili. Na kitufe cha choki kisigeuzwe msumari wa kutundikia mfuko wa nyanya, nimeshaona hayo.

Hata hivyo, mama, nadhani choki ni nusu tu ya hadithi. Volkswagen hii haina rejeta, injini hupozwa kwa upepo. Hita yake hupitisha hewa juu ya mabomba ya moshi ndani ya maboksi mawili ya bati, kisha huipeleka ndani ya gari. Simiyu hakuna anayehitaji hita, kwa hiyo watu husahau kwamba ipo. Maboksi yakila kutu na milango yake ikikwama wazi, moshi una njia iliyonyooka hadi miguuni kwa abiria. Choki inazidisha sumu, kutu inaisafirisha. Safarini kwenda Maswa mjini vumbi likizidi, madirisha yanafungwa, na mambo yanakuwa mabaya zaidi. Fundi alale chini ya gari akague maboksi hayo na bomba lote. Mpaka hapo, watoto watembee au wapande kitu kingine.

Kwenye magari ya turubai au yaliyofunikwa nyuma, watoto wasikae huko. Gari likitembea hutengeneza mvuto nyuma yake, na moshi hurudi ndani.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba dalili zake kwetu zina jina tayari. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, kulegea: mzazi wa Kanda ya Ziwa anasema malaria, na kupima ni sahihi kabisa. Lakini kama mtoto hana homa, kama wameugua wawili au watatu kwa wakati mmoja, na kama wanapata nafuu wakikaa nje ya gari, mwambieni mhudumu wa afya kuhusu gari. Msipomwambia, huenda asiwaze. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri tu, kwa sababu hakitofautishi damu yenye oksijeni na iliyobeba gesi hii.

Mtoto akilegea, akichanganyikiwa au akizimia, mtoeni kwenye hewa safi, zimeni injini, na mkimbizeni hospitali yenye oksijeni. Kwenye hewa ya kawaida, gesi iliyo kwenye damu huchukua kama saa 4 hadi 6 kupungua kwa nusu. Kwa oksijeni safi ya barakoa, nusu hiyo huondoka ndani ya saa moja hadi moja na nusu hivi.

Na wasio na gari wasidhani hayawahusu. Pikipiki mnayoilaza sebuleni kwa kuogopa wezi, isukumeni hadi uani ndipo mvute choki.