Kabla ya kutujazisha fomu, tufundisheni seva

Ndugu na dada, tuseme ukweli. Hapa Kalerwe vijana wengi tuna vyeti vya kompyuta, lakini seva hatujawahi kuigusa. Kila siku tunajaza fomu kwenye simu: jina, namba, mtaa. Vinaenda wapi? Hatujui.

Basi tukaamua kutengeneza fomu yetu ya kuandikisha darasa la Kiingereza. Tukatumia kitu cha zamani, CGI, kilichoanza 1993 huko NCSA, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Kazi yake ni hivi: mtu anajaza fomu, seva inaamsha programu na kuipa alichoandika, programu inarudisha ukurasa. Basi. Kompyuta nzee yenye Linux na Apache inatosha. Ukishaweka programu zote, bando halihitajiki tena, simu zinaingia kwa Wi-Fi ya humo humo chumbani.

Kuipanga kulitutoa jasho. Kwanza simu ilituonyesha maandishi ya programu yenyewe, sababu hatukuiambia Apache kwamba folda ile ni ya programu za kuendeshwa. Kisha likaja kosa 500. Tukafungua error.log: tulisahau kutanguliza Content-Type na mstari mtupu chini yake. Tukasahihisha, bado 500. Safari hii programu haikuwa na ruhusa ya kuendeshwa.

Kwa haraka tukaandika chmod 777 kwa kila kitu. Fomu ikafanya kazi, tukapiga makofi. Jioni mmoja wetu akaandika kwenye simu anwani ya faili ya majina. Ikafunguka yote! Tulikuwa tumeiacha ndani ya folda ya tovuti.

Yaani tulinyamaza. Kati yetu kuna mtu aliyekimbia kwao sababu jina lake lilikuwa kwenye orodha.

Sasa programu zetu zina 755: mwenyewe tu ndiye anayeweza kuzibadilisha. Faili ya majina tumeihamisha nje ya folda ya tovuti, ina 600, na mwenye nayo ni yule mtumiaji anayeendesha Apache.

Wengine wanasema CGI imepitwa na wakati. Ni kweli, inaanzisha programu upya kwa kila ombi, kwa watu maelfu ingechoka. Kwa darasa moja haina shida, na kila hatua unaiona kwa macho yako.

Wafanyakazi wa mashirika, Uganda ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019. Lakini sisi tutaulizaje data yetu inavyotunzwa kama hatujui hata faili inakaa wapi? Msituletee tu mafunzo ya kuandika barua kwenye kompyuta. Tupeni mashine moja nzee na mtu wa kutuonyesha. Na vijana wenzetu, ukijaziwa fomu kesho, uliza: hii orodha inakaa wapi, na nani anaweza kuifungua?