TUNUNUE MASHINI YA ZAMANI, LAKINI KWA MACHO WAZI



Tangu juma mbili habari iko moja tu katika uwanja: mashini ya kunyoosha mbao ya mzee mmoja fundi wa mjini, ile mafundi wanaiita degoshisezi. Mzee anaacha kazi. Anaomba dola 400, na komite ya atelye inapashwa kumujibu mbele ya mwisho wa trimesta. Wengine wanasema: «Kununua kitu cha zamani ni kununua mateso.» Wengine: «Randa ya mukono inatosha.» Sisi wa mwaka wa sita tumesikiliza pande zote, na mawazo yetu ni haya: mashini inunuliwe, tena itengenezwe hapa hapa shuleni. Lakini isinunuliwe kipofu.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yake. Ubao wa gereveliya ao wa mikaratusi ukikauka, unajipinda. Raboteze tuliyo nayo inalinganisha unene, lakini haiondoi ule mpindo: rola zake zinakandamiza ubao, na ukisha kutoka unarudi kujipinda sawa mbele. Inafaa upande mmoja unyooke kwanza, na hiyo ndiyo kazi ya degoshisezi. Iko na meza mbili za fonti, na katikati yake kichwa chenye visu. Meza ya kuingizia iko chini kidogo, milimeta 1 ao 2. Meza ya kutokea inalingana na ncha ya visu pale inafika juu kabisa. Ubao usiponyooka, banki inacheza-cheza. Wenye kuandikia juu yake katika darasa la pili wanajua.

Kwa wanaotetea randa, hatubishani nao. Mwenye hajui kunyoosha ubao kwa mukono hatajua kutambua kosa la mashini. Wa mwaka wa tatu na wa ine waendelee na randa. Lakini sisi tukitoka hapa na diplome, mabwana wa atelye za mjini watatuuliza kama tumekwisha kushika mashini. Tutajibu nini?

Kwa wanaoogopa uzee, tunasema: chuma hakizeeki sawa mtu. Kutu ya juu inatoka kwa mafuta, papie vere na jasho. Rulema zikinguruma, zinabadilishwa. Visu vinanolewa, mukaba unanunuliwa mupya. Lakini kuna magonjwa yasiyo na dawa kwetu. Kwa hiyo, mbele ya kutoa hata franka moja, komite ipime mambo ine:

1. Kichwa cha visu kiwe cha mviringo. Vichwa vya zamani sana vilikuwa vya pembe ine. Vilikata vidole vingi, na mwanzo wa karne ya 20 vya mviringo vikaanza kushika nafasi yao. Kama ni cha pembe ine, turudi nyumbani.

2. Fonti isiwe na ufa. Sudure ya fonti ni kazi ngumu, na joto linaweza kupinda meza.

3. Rula ndefu ya chuma iwekwe juu ya meza zote mbili zikiwa sawasawa. Mwangaza ukipita chini yake, meza zinaachana.

4. Kibao cha mota kisomwe. Kama ni ya fazi tatu, na atelye yetu iko na fazi moja, bei ya mota ingine iongezwe katika hesabu. Kama ni ya herzi 60, tujue umeme wetu ni wa herzi 50: itapoteza sehemu moja ya sita ya mbio yake.

Mzee hatakasirika tukileta rula. Fundi wa kweli anapenda kitu chake kipimwe.

Sasa vidole. Mashini hii haisamehe. Kifuniko cha visu kisitolewe. Ubao mufupi kuliko sentimeta 30 usipitishwe. Ubao mwembamba usukumwe kwa kipande cha mti, si kwa kiganja. Gan zisivaliwe. Mtu asiwe peke yake. Tena umeme ukikatika, swichi ifungwe mara moja, maana umeme wetu unarudi bila kupiga hodi.

Mwisho ni feza. Ni ya wazazi wetu, wale wanaouza maharagwe na makala ili minervale ilipwe. Basi kila franka ya matengenezo iandikwe katika kaye, na kaye ile itundikwe kwa mulango wa atelye, kila mtu asome. Na rangi ije paka nyuma ya kazi yote: rangi inaficha ufa, haiuponyeshi.

Tunaomba komite imutume mwalimu wa menizeri pamoja na wanafunzi wawili, waende kupima mbele ya siku ya posho. Mwenye mawazo ingine aandike. Gazeti hili ni letu sote.

Doyen wa wanafunzi, kwa jina la mwaka wa sita