Kaswende: Sindano bado inaponya, wanaoikwepa ni sisi

Miezi michache iliyopita mama mjamzito aliniwekea mezani kadi mbili za kliniki. Moja ilikuwa ya mimba yake ya kwanza, nyingine ya mimba ya miezi mitano aliyokuwa nayo siku ile. Zote mbili zilionyesha kaswende. "Dokta, nilichomwa sindano, tena zile za maumivu. Mbona haijatoka? Jirani yangu ananiambia hii ni sugu, haisikii dawa tena."

Neno hilo "sugu" nalisikia karibu kila wiki, na halikutoka hewani. Tumeelimishwa sana kuhusu usugu wa dawa, na ni jambo jema. Watu wanajua kwamba kisonono kimezishinda dawa nyingi zilizokuwa zikikitibu. Kwa hiyo mtu akipima kaswende mara ya pili na kuona majibu yaleyale, anahitimisha mwenyewe kwamba kaswende nayo imefika huko. Ukweli ni kwamba kwa penisilini haijafika huko. Kwa vidonge ambavyo wengi wetu tunavipenda kuliko sindano, imefika. Tofauti hiyo mgonjwa anapaswa kuijua kabla hajaingia duka la dawa.

Wagonjwa wanne wa kwanza wa kaswende walitibiwa kwa penisilini mwaka 1943 huko New York, Marekani. Tangu hapo imepita miaka zaidi ya 80, na hadi leo hakijathibitishwa kimelea cha kaswende kinachohimili penisilini. Ni bahati ambayo hatuipati kwa magonjwa mengi.

Hadithi ya vidonge ni nyingine, na sehemu yake ilitokea hapa kwetu. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Mbeya, ambapo wagonjwa 328 wa kaswende waligawanywa: wengine walichomwa sindano ya penisilini, wengine walipewa vidonge vya azithromisini vya kumeza mara moja. Waliopona kwa vidonge walikuwa asilimia 97.7, na kwa sindano asilimia 95. Sitaficha kwamba wengi wetu tulifurahi. Dawa ya kumeza, isiyo na sindano wala hofu ya mzio, nani asiitake?

Lakini wakati huohuo, kule San Francisco, madaktari walikuwa wakiona wagonjwa waliomeza azithromisini na vidonda vyao vikagoma kupona. Vimelea vyao vilipochunguzwa vilikutwa na badiliko dogo tu kwenye vinasaba, na badiliko hilo moja linatosha kuifanya dawa isipate pa kushika. Baadaye vimelea vya aina hiyo vilionekana katika miji mingi duniani, na huko China wagonjwa wengi mno wanavyo. Ndiyo maana leo Shirika la Afya Duniani linaruhusu azithromisini kwa kaswende kwa tahadhari tu, pale ambapo inajulikana kwamba vimelea vya eneo hilo bado vinaisikia.

Sasa jiulize nani anayejua hilo kwenye duka la dawa la mtaani. Kimelea cha kaswende hakioteshwi katika maabara za kawaida kama tunavyootesha mkojo au usaha. Kukijua kama ni sugu kunahitaji kipimo cha vinasaba, ambacho hospitali ya wilaya haina. Anayekuuzia vidonge vitatu vya azithromisini kwa ajili ya kaswende anabahatisha, na wewe unalipia bahati nasibu. Ongeza kwamba vidonge hivyohivyo tunavimeza kwa kikohozi na mafua ambayo hata hayavihitaji. Mtu mwenye kaswende asiyoijua akivimeza kwa ajili ya kifua, vimelea dhaifu vinakufa na vile vyenye badiliko vinabaki kuzaana.

Tena kaswende ina ujanja unaotudanganya sote. Kidonda chake cha kwanza hakiumi, na hupona chenyewe baada ya wiki tatu hadi sita, umemeza dawa au hujameza. Baadaye huja vipele, mara nyingi hata kwenye viganja na nyayo, navyo huondoka vyenyewe. Mtu aliyemeza chochote kipindi hicho, iwe vidonge au mizizi, ataapa kwamba kilimponya. Ugonjwa wenyewe umekaa mwilini kimya, na unaweza kukaa hivyo miaka.

Turudi kwa yule mama. Kama dawa haikushindwa, kwa nini kadi ya pili ilionyesha kaswende?

Kwanza kuna suala la kipimo. Kile cha haraka cha kutoboa kidole kinatafuta alama ambazo mwili uliziweka ulipokutana na kimelea, na kwa watu wengi alama hizo hazifutiki maisha yote. Aliyetibiwa akapona kabisa anaweza kuonekana "ana kaswende" hata baada ya miaka ishirini. Nimeona ndoa zikitikisika kwa sababu hakuna aliyewaambia hivyo. Kipimo kinachoonyesha kama dawa imefanya kazi ni kingine, kinaitwa RPR, na majibu yake huandikwa kwa namba kama 1:32. Baada ya matibabu namba ya pili inatakiwa kushuka angalau mara nne ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili, yaani 32 iwe 8 au chini yake. Kwa wengine hushuka kisha inaganda kwenye namba ndogo, na hilo peke yake si ushahidi wa usugu. Ikipanda tena mara nne, hapo kuna jambo.

Kwa mama huyu kulikuwa na jambo. Karatasi yake ya zamani, aliyokuwa ameikunja ndani ya kadi, ilionyesha kwamba baada ya sindano RPR ilishuka hadi 1:2. Nilipompima ilikuwa 1:32. Sindano ilikuwa imemponya, akaambukizwa upya. Nikamuuliza kuhusu mume. "Yeye alisema sindano hawezi. Alinunua dawa dukani, akameza siku tatu."

Hiyo ndiyo "kaswende sugu" ninayokutana nayo mara nyingi zaidi: mmoja katibiwa, mwenzake hajatibiwa au katibiwa nusunusu, na ugonjwa unazunguka ndani ya nyumba. Kuna pia wanaochomwa penisilini isiyo yenyewe. Kimelea hiki kinajigawa polepole, takriban mara moja kwa saa 30, kwa hiyo dawa lazima ikae kwenye damu siku nyingi ili imkute kila mmoja anapojigawa. Penisilini ya benzathini inafanya hivyo, kwa sababu inahifadhiwa kwenye msuli na kutoka kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Penisilini ya kawaida ya mshipani huisha mwilini kwa saa chache, na kuchomwa mara moja hakutibu kaswende. Muulize anayekuchoma jina la dawa. Ni haki yako, na hatukasiriki, au hatupaswi kukasirika.

Kwa mjamzito hakuna mjadala wa vidonge. Azithromisini haivuki vizuri kondo la nyuma, kwa hiyo inaweza kumponya mama ikamwacha mtoto na ugonjwa. Doksisiklini, ambayo mtu mwenye mzio anaweza kuitumia kwa siku 14, haimfai mjamzito. Penisilini inavuka na kumtibu mtoto akiwa tumboni. Mama mwenye mzio wa kweli apelekwe hospitali anakoweza kuzoezwa dawa hiyo taratibu chini ya uangalizi. Ikishindikana na akapewa dawa nyingine, mtoto atibiwe mara tu anapozaliwa.

Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kati ya wajawazito wenye kaswende kali ambao hawakutibiwa, mmoja katika kila wanne alijifungua mtoto mfu. Kwa wasio na kaswende alikuwa mmoja katika mia. Watafiti haohao waliwafuatilia waliochomwa sindano moja tu ya benzathini wakiwa wajawazito, na hatari yao ilikuwa sawa na ya mama asiye na ugonjwa. Nazisoma takwimu hizo mara kwa mara ninaposikia mtu akisema sindano hii imepitwa na wakati.

Ndiyo maana kwa mjamzito, hata kama kipimo cha haraka huenda kinaonyesha ugonjwa wa zamani, pale RPR isipopatikana siku hiyo tunachoma. Sindano ya ziada haimdhuru mtoto. Asiyejua ameambukizwa lini huchomwa mara tatu, wiki kwa wiki. Ukikosa wiki moja usijifiche nyumbani kwa aibu, rudi upesi, hata kama itabidi kuanza upya. Homa na maumivu ya mwili ndani ya saa 24 za kwanza huwapata wengi, ni vimelea vinavyokufa. Ila mjamzito akihisi tumbo kukaza au mtoto hachezi, aje kituoni saa hiyohiyo.

Sasa na sisi wa upande wa huduma tuseme yetu. Si haki kumlaumu mgonjwa kwa kukimbilia vidonge kama amefika kituoni akaambiwa benzathini imeisha, arudi wiki ijayo. Dawa hii ni ya zamani, ni ya bei ndogo, na viwanda vinavyoitengeneza ni vichache. Upungufu wake umeshaikumba dunia zaidi ya mara moja, hata Marekani mwaka 2023. Ndiyo maana anayeagiza dawa za kituo asiisubiri iishe ndipo aandike. Na si haki kumpima mama, kumtibu mama, kisha kumtuma yeye peke yake akamweleze mume. Anarudi amepigwa, au harudi kabisa. Kliniki iwe na saa ambayo baba anayetoka kazini anaweza kuingia bila kukaa foleni ya wajawazito hamsini, na amkute mtu wa kuzungumza naye faragha.

Mume wa mama huyu alikuja Alhamisi jioni, baada ya simu tatu. RPR yake ilikuwa 1:64. Dozi hii ni kubwa, hugawanywa tako la kushoto na la kulia, na alitoka akichechemea huku mkewe akijizuia kucheka. Alirudi Alhamisi mbili zilizofuata bila kupigiwa simu. Mtoto, wa kike, amezaliwa wiki tatu zilizopita. Tumempima na kumkagua, kwa sababu watoto wengi wenye kaswende huonekana wazima siku ya kwanza, na tutampima tena akifika miezi mitatu. RPR ya mama imeshuka hadi 1:8.