Mambo ya Nyumbani: Vitafunio vya Pasaka Vitengenezwavyo Mapema



Sikukuu ya Pasaka haina tarehe moja katika kalenda. Yaweza kuja mapema, tarehe 22 Machi, au ikachelewa hata tarehe 25 Aprili. Lakini ije lini, sisi wa Arusha hutukuta katika masika. Wenzetu wa Ulaya na Marekani huisherehekea jua likianza kupata nguvu na miti ikichipua; sisi huisherehekea matope yakiwa njiani, kuni zimelowa, na wingu limeufunika mlima Meru. Kwa hiyo, mtu apangaye karamu ya Pasaka hapa kwetu hana budi kufikiri mapema kuliko mwenziwe.

Basi tutazame jinsi mambo yaendavyo siku ile katika nyumba nyingi, hapa Kwa Mrombo na kwingineko. Mama mwenye nyumba huamka saa kumi ya usiku awashe moto. Kengele ya kanisa ikilia, baba na watoto huondoka wamevaa vizuri, naye hubaki nyuma akisema, "Tangulieni, nitakuja." Haji. Ibada ikiisha, wageni hufika pamoja na watu wa nyumbani, na chakula hakijawa tayari. Nyama imewekwa jikoni sasa hivi tu. Mtaa wetu wa Kwa Mrombo husifiwa mbali kwa nyama choma, na kila aijuaye kazi hiyo anajua ya kuwa nyama choma haiharakishwi. Ukiiharakisha, huungua nje na kubaki mbichi ndani. Basi wageni hukaa na njaa, watoto hulia, wazee hupewa chai isiyo na kitafunio. Hata chakula kikiisha kupakuliwa, mama huyo bado yu jikoni. Watu wote wamefanya Pasaka, ila yeye.

Hilo si jambo dogo. Mwinjili Luka anatueleza ya kuwa wale wanawake waliokwenda kaburini alfajiri walikuwa wamekwisha kutayarisha manukato yao kabla ya Sabato, wakapumzika siku ya Sabato kama ilivyoamriwa. Kazi yao ilikuwa imekwisha, mikono yao ilikuwa huru, na kwa sababu hiyo waliweza kuondoka mapema. Wao ndio waliosikia habari ya furaha kabla ya watu wengine wote. Nasi tukitaka mama wa nyumba asikie habari hiyo pamoja nasi, kazi yake na itangulie siku ile, isimngoje siku ile.

Njia iliyo rahisi ni kutengeneza vitafunio siku chache kabla. Navyo si badala ya chakula kikubwa. Ni vitu vidogo vya kumpokea mgeni, vya kumtuliza njaa wakati nyama na ndizi vinapoiva. Lakini si kila chakula kikubalicho kungoja. Vyakula viko mafungu matatu, na mwenye kuyajua hatapata hasara wala hatamwuguza mgeni wake.

Fungu la kwanza ni vitu vikavu, vinavyokaa siku nyingi bila kuharibika. Nitavitaja vinne.

Visheti. Twaa vikombe vinne vya unga wa ngano, tia chumvi kidogo na iliki iliyotwangwa. Pasha moto nusu kikombe cha samli, uimimine, ufikiche kwa vidole hata unga wote upate mafuta. Kisha tia maji ya vuguvugu kidogo kidogo, ukande upate donge gumu kidogo kuliko la maandazi. Liache nusu saa, ulikate vipande vidogo, uvikaange kwa moto wa wastani hata viwe na rangi ya asali. Chemsha kikombe kimoja cha sukari katika nusu kikombe cha maji mpaka shira ivute nyuzi. Imimine juu ya visheti, ukivigeuza upesi hata sukari ikauke na kuwa nyeupe.

Kashata za ufuta. Kaanga vikombe viwili vya ufuta bila mafuta, kwa moto mdogo, hata unukie. Yeyusha kikombe kimoja cha sukari katika sufuria kavu. Ikiwa rangi ya kahawia, tia matone machache ya ndimu, kisha ufuta, ukoroge upesi. Mimina juu ya ubao uliopakwa mafuta, usawazishe, ukate kungali na moto. Ukingoja ipoe, kisu hakitaingia.

Ndizi za kukaanga. Hapa mlimani hatukosi ndizi. Chagua mbichi kabisa. Paka mikono mafuta kabla ya kuzimenya, maana utomvu wake hushika vidole na nguo. Zikate nyembamba sana, uzikaange katika mafuta mengi hata ziwe kavu zikivunjika kwa mlio, uzinyunyizie chumvi.

Karanga. Kabla ya kuzikaanga, zimwage katika ungo, uzichague moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, au zenye ukungu, zitupe. Usizipe hata kuku. Ukungu huo una sumu iitwayo sumukuvu, na moto wa kukaangia hauiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliokula mahindi yaliyoingia ukungu. Manyara ni jirani zetu. Basi tusiione habari hiyo kuwa ya mbali. Karanga njema zinyunyizie maji ya chumvi, uzianike kidogo, kisha uzikaange polepole ukikoroga pasipo kuacha.

Vitu hivi vyote vina adui mmoja wakati wa masika, nao ni unyevu. Viache vipoe kabisa kabla ya kuvifungia, kwa maana mvuke ukifungiwa ndani hugeuka maji, na kesho utakuta ndizi zimelegea kama majani. Tumia kopo lenye kifuniko kinachobana, uliweke mbali na sakafu. Wala usilifungue kila mara watoto wanapoomba. Waonjeshe siku ya kutengeneza, kisha ufunge.

Fungu la pili ni vitu vinavyoweza kungoja usiku mmoja, lakini katika jokofu tu. Hapo ndipo penye sambusa za nyama na mayai ya kuchemsha. Mwenye jokofu aweza kupika nyama ya sambusa Jumamosi jioni, aiache ipoe, azifunge, aziweke ndani bila kuzikaanga. Jumapili kazi iliyobaki ni mafuta tu. Lakini jokofu lenyewe liwe baridi kweli, digrii 5 au chini yake, na umeme usiwe umekatika usiku kucha. Wataalamu wa afya wanafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe nje katika hewa ya kawaida kupita muda wa saa mbili; na kile kipashwacho moto, kipashwe hata ndani kifike digrii 70, yaani kitoke mvuke mwingi, si kupashwa juu juu. Asiye na jokofu aziache sambusa za nyama. Si aibu. Aibu ni kumpa mgeni ugonjwa aende nao nyumbani.

Habari ya mayai ina jambo la kujua. Mji wetu uko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na mahali palipoinuka hivi maji huchemka kabla ya kufika digrii 100; kwetu huchemka penye digrii 95 hivi. Kwa hiyo yai lichemke dakika 12, lisije likabaki bichi katikati. Asiye na jokofu achemshe mayai yake akiisha kurudi kutoka ibadani, wakati wageni wanawa mikono. Hayatachukua muda kuliko chai.

Tena yai la Pasaka lina ndugu zake ng'ambo. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, watu hupenda kuweka mezani siku hiyo mayai yaliyochemshwa na kukatwa nusu. Kiini hutolewa, husagwa pamoja na haradali na viungo vingine, kisha hurudishwa mahali pake. Sisi twaweza kukisaga kwa mafuta kidogo ya alizeti, chumvi, pilipili manga na maji ya ndimu. Ni kitu chepesi na cha kupendeza macho. Katika jimbo la South Carolina wanatengeneza pia biskuti nyembamba za ufuta zinazokaa siku nyingi katika kopo, nao ufuta wenyewe wanauita "benne". Jina hilo ni la lugha za Afrika ya Magharibi. Watu waliochukuliwa utumwani walifika nalo huko, kama walivyofika na kunde na bamia. Basi mama wa Kwa Mrombo akikata kashata zake za ufuta, na ajue ya kuwa mbali sana, ng'ambo ya bahari, wako wengine wanaokula mbegu ile ile kwa sababu mikono ya Waafrika iliipenda na kuilinda hata katika mateso.

Fungu la tatu ni vitu visivyongoja hata kidogo: kachumbari, matunda yaliyomenywa, wali, na mchuzi wa nyama. Hivi vitengenezwe siku ile ile na kuliwa siku ile ile. Nyanya na vitunguu vyaweza kuoshwa mapema kwa maji safi, lakini kisu kingoje mpaka wageni wameketi.

Sasa nawapa mpango wa juma lenyewe. Jumatatu hata Jumatano, nunueni unga, sukari, ufuta na karanga, kabla bei hazijapanda kwa ajili ya sikukuu. Alhamisi mchana, visheti na kashata. Ijumaa Kuu, msifanye kitu. Hiyo ni siku ya ibada na ukimya. Jumamosi, karanga kwanza, kisha ndizi, kwa moto mmoja ule ule, ili mkaa au gesi isipotee. Jumamosi jioni, oshwa vikombe na sahani, pangwa viti, tekwa maji. Jumapili, watu wote waende kanisani. Kwa wageni 20, kilo moja ya karanga, ndizi 20, visheti vya vikombe vinne vya unga, kashata za vipimo nilivyotaja, na mayai 12 yaliyokatwa nusu, vitatosha kabisa kuwa utangulizi.

Najua wako watakaosema, "Mgeni aheshimiwa kwa chakula cha moto. Kumpa vitu vya juzi kutoka koponi ni uchoyo." Neno hilo lina uzito, maana ukarimu ni desturi yetu ya tangu zamani, wala sitaki ipotee. Lakini chakula cha moto kitakuja, hakuna aliyekiondoa. Tunachokiondoa ni njaa ya kungoja, na upweke wa mama jikoni. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji atapona namna gani ikiwa kuja kwa mgeni kunamfukuza ibadani na mezani pake mwenyewe? Mgeni mwenye adabu hufurahi zaidi akimwona mama mwenye nyumba ameketi, anauliza habari, anacheka na watu, kuliko kusikia sauti yake tu kutoka nyuma ya mlango wa jiko.

Nanyi akina baba, msidhani habari hii ni ya wanawake peke yao. Kuchagua karanga ni kazi ya macho, na macho mnayo. Kupasua kuni, kuteka maji, kukata ndizi, kwenda sokoni, yote hayo hayamvunjii mwanamume heshima. Kama tunaona fahari kusimama penye nyama choma mbele za watu, tusione haya kukaa na ungo Jumamosi pasipo mtu wa kututazama.

Nanyi waalimu, wafundisheni watoto kazi ya kupokea wageni: kumwamkia mzee kwanza, kummiminia maji ya kunawa kwa birika, kumletea sahani kwa mikono miwili, kuanza na wakubwa na kuishia kwa wenzao. Mtoto wa miaka tisa aweza kupitisha karanga barazani vizuri kuliko mtu mzima, akifundishwa. Na wavulana wafundishwe sawasawa na wasichana.

Mwisho, asiye na uwezo wa yote haya asikope. Bakuli la karanga zilizochaguliwa vema na chai ya moto ni mapokezi kamili, ikiwa aliyezikaanga ameketi pamoja na wageni wake. Kwa hiyo Jumapili hiyo kila mume, kabla ya kutoka nyumbani kwenda ibadani, na atazame nyuma yake. Kama mkewe bado yu jikoni, asitangulie, bali amsaidie kufunika moto, waende pamoja.

Kwaherini hata mwezi ujao. Mungu azibariki nyumba zenu.