KIKI KIBAO, GOLI HAKUNA! Straika wa Igowole aache kamera, apige mpira

Kuna mwamba mmoja pale Igowole, Mufindi, jina kapuni. Mtandaoni ni moto wa kuotea mbali. Danadana pembeni ya mashamba ya chai, ukungu nyuma yake, muziki juu, njumu za rangi ya limao. Laiki kama zote. Mwenyewe anajiita straika.

Straika wa wapi? Fainali ya kombe la mbuzi, dakika za lala salama, timu yake ikapata penati. Kuna dogo mpole alitaka kupiga, mwamba akampokonya mpira. Akamcheki kwanza mshikaji mwenye simu kama anarekodi. Akaja kwa madaha, akalala nyuma, akapaisha. Mpira ukaenda kutafutwa kwenye chai, mbuzi akaondoka na wageni. Madogo waliochangishana hela ya jezi wakarudi nyumbani kimya.

Usiku akaposti: "Kiwanja kibovu." Chini yake komenti: "Usijali mfalme."

Mfalme gani? Penati ni mita 11. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Hapo mlima au bonde halihusiki, ni mguu tu. Kule Australia wana mpira wao ambao ukikosa nguzo za katikati lakini ukapita zile za pembeni, unapewa pointi 1 ya kufutia machozi. Huku ukikosa ni sifuri.

Na msiseme ni mambo madogo ya mchangani. Simba walitolewa robo fainali ya Shirikisho 2022 na Orlando Pirates kwa matuta 4-3. Wakatolewa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2023 na Wydad, matuta tena, 4-3. Mwaka 2024 zamu ya Yanga, Mamelodi Sundowns wakawatoa kwa matuta 3-2. Miaka hiyo mitatu mfululizo, kuna timu ya Tanzania ambayo safari yake ilikatikia kwenye mita 11 hizo hizo. AFCON iliyochezwa mwanzoni mwa 2024, Taifa Stars mechi tatu, goli moja. Halafu mtu anafanya mazoezi ya tobo na kanzu tu!

Watetezi wake wanasema penati ni bahati, na kijijini hakuna vifaa. Uongo. Tairi bovu la bodaboda halikosekani Igowole. Lifunge kwenye kona ya goli, piga mipira 50 mguu wa kulia, 50 wa kushoto, mwenzako ahesabu iliyopita na kuandika kwenye daftari. Kesho rudia. Piga na ukiwa umechoka, maana penati ya fainali haiji ukiwa na pumzi. Inaboa, haina laiki, lakini ndiyo kazi yenyewe. Yule dogo mpole huwa anabaki uwanjani akipiga peke yake mpaka giza linaingia. Hana klipu hata moja.

Siku skauti akitia mguu Igowole, hatauliza nani ana wafuasi wengi. Atataka kuona mpira unaingia wavuni. Mwamba atamwonyesha simu?

Na nyie mnaomwita mfalme kila akipaisha, mnamuua mwenzenu kwa sifa. Je, penati ijayo apewe nani, mwamba au dogo? Funguka hapo chini.