Karatasi na Haki ya Mto

Mwalimu asahihishaye madaftari na karani afunguaye majalada ni nadra kukumbuka kwamba karatasi, kabla ya kuwa karatasi, ni maji. Katika rojo linalomwagwa juu ya wavu wa mashine, nyuzi za mti ni kiasi cha sehemu 1 tu katika 100. Maji hupenya wavuni yakiwa meupe, yamebeba nyuzi nyembamba, chokaa na joto. Kiwanda kinachoyamwaga hutupa pamoja nayo mali ghafi na kuni zilizokwisha gharimiwa.

Njia ya busara ni kuyachuja na kuyarudisha yazimue rojo jipya. Viwanda bora vya Ulaya hutengeneza hivyo tani moja ya karatasi za aina nyingi kwa maji yasiyofika mita 20 za ujazo.

Wako wasemao mitambo ya kuchujia ni ghali. Ni kweli. Tena, maji yakizungushwa mno, chumvi hujikusanya, utelezi wa vijidudu huziba mabomba na chuma huliwa na kutu. Kazi hii hutaka mafundi na maabara. Haiendeshwi kwa amri ya meneja. Lakini gharama iliyokwepwa kiwandani haipotei. Kiwanda cha Webuye, Kenya, kilichofungwa mwaka 2009, kilimwaga maji yake machafu katika mto Nzoia, nao hupita vijijini hadi Ziwa Viktoria. Mwanakijiji atekaye huko chini hakuulizwa neno.

Basi ofisa atiaye sahihi kibali cha kuteka maji, kabla ya kupiga muhuri, aulize: yatarudi mashineni mara ngapi, na yatatoka na rangi gani?