Kuzuru Shamba bila Jembe

Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya huyajua makuzi ya nazi kama alijuavyo jina lake. Akiulizwa mtihanini, huyataja bila kusita: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Hata hivyo, wengi wa wanaozizoa alama hizo hawajawahi kusimama chini ya mnazi wakainua macho. Lau wangefanya hivyo, wangeshuhudia jambo ambalo orodha ya darasani haionyeshi: mnazi mmoja huweza kubeba hatua zote hizo kwa wakati mmoja, kwani hutoa karara jipya takriban kila mwezi, ilhali tunda lake huhitaji mwaka mmoja hivi kukomaa.

Maarifa ya aina hii hupatikana katika matembezi ya jamaa shambani. Chukua familia ya kawaida huko Kilifi, jioni ya Desemba, watoto wakiwa likizoni. Jua limekwisha kupoa. Babu anatangulia na mkongojo wake, wajukuu wanamfuata, na mama yao yuko nyuma akiinama hapa na pale kuokota korosho. Hakuna aliyebeba jembe. Mjukuu mdogo anatia mguu kwenye pengo lililochanjwa katika shina la mnazi na kuuliza linaitwaje. "Kidato," babu anajibu. Dada yake, aliyemaliza kidato cha nne, anaduwaa: miaka yote hiyo amevipanda vidato asijue kwamba wagema nao wana vyao. Wote wanaangua kicheko. Furaha hiyo haikugharimu hata senti moja.

Wapo watakaodai kwamba haya ni mapenzi ya wasiolima. Kwa mkulima, shamba ni jasho. Na kwa wengi waliosoma katika shule za Kenya, kulima kulikuwa adhabu ya mchelewaji na mtundu. Hoja hii ina mashiko. Lakini ni kwa sababu hiyo hasa ndipo matembezi yanapohitajika. Mtoto anayepelekwa shambani ili afanye kazi au aadhibiwe tu hujifunza kulikimbia. Anayelizuru akiwa ameshika mkono wa nyanya yake hupata sababu ya kulipenda kabla ya kudaiwa jasho.

Jambo hili si la starehe tupu. Familia nyingi siku hizi hukutana shambani kwa mambo mawili: kuzika na kugawana. Siku ya kugawana, aliyekulia mjini hulitambua shamba kwa idadi ya ekari zilizoandikwa katika hatimiliki. Hajui mwembe upi ulipandwa na nani, wala kwa nini babu alikataa kuukata ule mnazi uliopinda. Mtu wa namna hiyo haoni uchungu kuuza. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa ardhi ya ukoo, hatimiliki ni daftari moja. Kumbukumbu za waliotembea humo pamoja ni daftari la pili, nalo halitunzwi katika ofisi yoyote.

Wapenzi wa Kiswahili wana sababu ya ziada ya kulijali hili. Neno lililokaririwa kwa ajili ya mtihani husahaulika mtihani ukiisha, lakini lililotoka kinywani mwa babu, mbele ya kitu chenyewe, hudumu. Wala si lazima pawe pwani. Penye migomba mwanafunzi ataona mkungu na chane zake. Penye mahindi ataona mbelewele zikipeperushwa na upepo.

Basi chuo kikifungwa, mwanafunzi na awaombe wazee wake wamzungushe shambani jioni moja, pole pole, hadi mpakani na kurudi. Asiende kusaka msamiati. Aende kutembea na watu wake, msamiati utamfuata.